Mgongo wa Baba Mkwe

Sauti ya Khunjuzwa niliisikia nikiwa kwangu, ng'ambo ya uzio, nakoroga uji. Khunjuzwa akipaza sauti hata ng'ombe wa upande wa pili wa bonde hugeuza shingo, kwa hiyo mwanzoni sikushtuka. Nikasema moyoni, haya, wifi mtu kafika, leo kuna kazi. Halafu nikamsikia, "Baba yangu anaoza! Jamani, baba anaoza akiwa hai!" Hapo nikaacha mwiko ndani ya sufuria nikatoka mbio.

Nilimkuta kasimama katikati ya nyumba ya msonge, wigi limekaa upande, kashika pembe ya blanketi. Kitandani mzee Mchenge, baba yake, kalala ubavu, mgongo wazi. Chini ya kiuno palikuwa na kidonda ambacho kiganja changu kisingekifunika. Sitaeleza zaidi, huenda mtu anakula. Na pembeni, uso kauelekeza ukutani, kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi, kasimama Nofezile, mke wa Mzimasi, kaka yake Khunjuzwa. Hata wakati ule, na kelele zote zile, hakugeuka.

"Njoo utazame!" Khunjuzwa akamwambia. "Njoo uone kazi yako!"

"Siwezi, wifi," Nofezile akajibu. "Baba yuko wazi."

Ndilo jambo ninalotaka kulieleza, maana watu wamelisikia nusu, wakalipika wanavyotaka, wakalila.

Nofezile si jina alilopewa na mama yake. Ni jina alilopewa hapa kwetu, milimani juu ya mji wa Tsolo, siku alipoletwa akiwa msichana mwembamba anayejikwaa kwenye sketi ndefu. Makoti, ndivyo tunavyomwita mke wa mwana, hupewa jina jipya na masharti yake humohumo. Afunike kichwa, afunike mabega, asitamke jina la baba mkwe, zizini asikanyage, na mwili wa baba mkwe asiuone, hata goti. Makoti wa siku hizi wanavaa suruali na wanamwita mkwe "mzee vipi". Nofezile masharti aliyashika mpaka yakawa mwendo wake. Mimi MaBhele ni jirani yao, mjane, mdomo ninao, na makosa ya watu nayaona kabla hayajatendeka. Kwake sikuwahi kuona.

Mumewe Mzimasi anachimba madini Rustenburg. Anakuja Desemba, na Pasaka kama wakubwa wamekubali. Watoto wao walishakwenda mjini. Nofezile akabaki na wakwe wawili, na wakwe wakaanza kusahau.

Alianza mzee. Akasahau njia ya zizini, akasahau majina ya ng'ombe, na hilo kwa mtu kama Mchenge ni sawa na kusahau watoto, ambao aliwasahau baadaye kidogo. Mkewe MaRadebe akawa ndiye anayemwosha, anamlisha, anamgombeza. "We mzee, fungua mdomo, kwani nakupa sumu?" Mambo yakaenda. Kisha MaRadebe naye akaanza. Siku moja akanijia kuniuliza kama nimemwona mama yake. Mama yake tulimzika mimi na yeye pamoja, tukiwa bado wasichana wa kuchota maji.

Hali ya MaRadebe ilikuja na vituko, sitasema haikuchekesha. Alimsahau Nofezile kabisa. Akimwona anaingia na beseni chumbani kwa mzee, anatoka mpaka barabarani kusimamisha wapita njia.

"Kuna mwanamke kaingia kwangu," anawaambia. "Yuko ndani na mume wangu. Mchana kweupe!"

Vijana wa kijiji hawana adabu. "Mama, ni mzuri?" wanamuuliza.

"Mzuri wapi! Miguu ile! Na chakula hanipi."

Alikuwa ametoka kula mabakuli mawili. Nofezile anamfuata, anamshika mkono polepole, "Mama, twende ndani, baridi." Naye anajibu, "Mama yako yuko kwenu. Rudi kwenu." Nofezile alikuwa akinisimulia huku anacheka, tukicheka wote wawili mpaka tunashika mbavu. Kisha siku nyingine anasimulia jambo lilelile, na ninaona hacheki.

Sasa, nani amwoshe mzee? Hapo ndipo penye shida. Mama mkwe hawezi. Mtoto wa kiume yuko chini ya ardhi Rustenburg. Mimi si wa ukoo, na Mchenge kuvuliwa nguo mbele ya jirani ingekuwa aibu juu ya aibu. Binamu mmoja wa ukoo aliitwa, akaja mara mbili, mara zote mbili kanywa, mara ya pili akamwagia mzee maji ya moto akasema mzee ndiye kajitingisha. Nofezile akampigia simu Khunjuzwa, binti mkubwa, aliye na saluni yake East London, mji wa huku kwetu pwani. Nilikuwepo. Simu aliiweka sauti ya juu kwa sababu mikono ilikuwa na unga.

"Wifi, nakuomba uje. Baba anahitaji mtu wa kumwosha. Njoo hata mwezi mmoja."

"Nikifunga saluni, wateja watanisubiri? Wewe si uko hapo?"

"Mimi ni makoti, wifi. Unajua mwenyewe."

"Najua. Ndiyo maana uliolewa, si ndiyo? Au ulidhani uliolewa kupigwa picha?"

Nilitaka kuinyakua ile simu. Nofezile akanitikisia kichwa. Akamaliza kwa adabu zake zote, "Haya wifi, asante, wasalimie." Asante ya nini? Mimi mpaka leo sijaielewa.

Jioni akampigia mumewe. Mzimasi si mtu mbaya, ni mtu aliye mbali. Akamwambia, "Vumilia mke wangu. Desemba nakuja. Ninachotaka ni nimkute baba hai, na nimkute na heshima yake. Watu wasimgeuze mtoto." Nofezile akamwambia, "Utamkuta." Ndiyo ahadi aliyoibeba. Mzee aishi, na aishi akiwa mzee, si kitu cha kufunuliwafunuliwa. Vyote viwili.

Basi akatafuta njia, na njia aliyoipata tulimsifu wote. Anamfunika mzee blanketi kubwa mpaka shingoni. Anakaa nyuma yake, uso ukutani, kilemba kimeshuka. Mkono unapita chini ya blanketi na kitambaa cha maji ya uvuguvugu, unaosha kwa kupapasa. Pampasi anabadilisha hivyohivyo, kwa vidole tu, haraka kuliko wengine wanavyobadilisha wakiwa wanatazama. Anazungumza wakati wote, "Samahani Baba, mkono unakuja, samahani Baba, sasa mguu." Akina mama wa kanisa walipokuja Alhamisi na sare zao kumwombea mgonjwa, waliona. Mmoja akasema, "Huyu ndiye makoti, jamani. Wengine wote ni wapangaji." Nofezile akainamisha uso. Nadhani ndiyo siku pekee mwaka ule nilipomwona amefurahi.

Sasa niambie, vidole vinajua nini? Mchenge aliwahi kuangukiwa na mwamba mgodini enzi zake, kijiji kizima kinajua ana kovu kubwa mgongoni, tumelisikia kwenye kila pombe. Nofezile kovu lile hakuwahi kuliona, angelionea wapi? Mkono wake ulipokuta mahali pamekakamaa, akasema hili ndilo lile kovu la mwamba. Paliponyevuka, akasema ni mkojo, akapangusa. Harufu? Nyumba ina wazee wawili wanaovaa pampasi na baridi ya Juni haikuruhusu kufungua dirisha. Mzee aliguna, lakini aliguna hata kwa kijiko cha uji. Kwa hiyo alimwosha kila asubuhi, kwa heshima zote, na chini ya ile heshima kidonda kikachimba.

Khunjuzwa alikuja kwa sababu kulikuwa na mazishi ya jirani, si kwa sababu nyingine. Akaingia kumsalimia baba yake, akafunua blanketi. Yeye ni binti, anaruhusiwa.

"Ulikuwa unamwosha vipi wewe?" Akawa anamzunguka Nofezile kwa maneno. "Kwa miguu? Mikono yako ina macho? Kaka yangu anatuma pesa za sabuni, sabuni unakula?"

"Nilidhani ni kovu, wifi."

"Kovu linanuka?"

Nofezile akakaa chini palepale, kwenye sakafu ya samadi, akaziba mdomo kwa kilemba. Hakulia kwa sauti. Mimi nikaona sasa zamu yangu.

"Khunjuzwa," nikamwambia, "wewe una macho. Macho yako yalikuwa wapi tangu mwaka jana?"

"MaBhele, haya ni ya nyumba yetu."

"Ya nyumba yenu yananuka mpaka kwangu. Umeitwa kwa simu, nilikuwepo. Ukasema wateja."

"Kwa hiyo mimi ndiye nimemuua baba?"

"Hajafa bado. Acha kumlilia, shika beseni."

MaRadebe alikuwa kasimama mlangoni akimtazama binti yake. Akaniuliza taratibu, "Huyu naye ni nani? Wamekuwa wawili?" Wallahi sikujua kama nicheke au nijitupe chini.

Tulimkodia mzee gari mpaka hospitali. Wakamlaza siku chache, wakamsafisha, wakamrudisha na mfuko wa bandeji na dawa. Akaja muuguzi wa kliniki yetu, mama mfupi mwenye haraka, akatueleza. Kidonda kifunguliwe kila asubuhi, kisafishwe, kitazamwe rangi yake. Mzee ageuzwe upande kila mara. "Nani atafanya?" akauliza. Nofezile akamweleza njia yake ya blanketi, kwa sauti ndogo. Muuguzi naye ni mtu wa huku, ni makoti wa watu, hakumcheka. Akamwambia, "Dada yangu, nakuelewa kuliko unavyodhani. Lakini hiki lazima ukione. Ukikipapasa tena, kitamuua kabla ya mvua."

Khunjuzwa akasema yeye ni binti, yeye atafanya. Sikatai, alijaribu. Siku ya kwanza alitapika nje ukutani. Siku ya pili alifanya huku analia, mzee akimpiga mikono na kumwita mwizi. Siku ya tatu alikuwa na begi mlangoni.

"Siwezi, MaBhele," akaniambia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Ni baba yangu. Nikimwona vile, siku nzima sioni kitu kingine. Siwezi."

Nilikuwa na maneno yake tayari, makali, nimeyanoa. Nilimtazama usoni nikayameza. Akapanda gari akaenda.

Basi wanaume wa ukoo wakakaa karibu na zizi. Aliyeongoza alikuwa mdogo wake Mchenge, Zanemvula, mtu wa maneno machache na kofia ambayo haivui. Wakachinja mbuzi. Nofezile akaitwa, akakaa kwenye mkeka kando ya nyumba, miguu kaikunja, macho chini. Zanemvula akasema, "Makoti wetu, umetustahi vya kutosha. Kuanzia leo macho yako yamefunguliwa. Huyu si baba mkwe tena, ni baba aliyekuzaa. Mtazame, mwoshe, mponye." Wakampa nyama na maziwa ya mgando, wakamvika blanketi jipya. Wanawake tukapiga vigelegele. Nofezile akashukuru. Ilikuwa shughuli nzuri, ya haki, na mbuzi alinona. Mzee mwenyewe alikuwa ndani. Walimpelekea kipande cha ini, akakitema.

Kesho yake asubuhi Nofezile akaniita. "Njoo unishikie Mama mlangoni," akasema. "Akiniona nimefunua ataleta kelele." Nikaenda. Nikamshika MaRadebe mkono, nikampa kipande cha mkate cha kumshughulisha, tukasimama kizingitini. Nje umande ulikuwa umeganda, jua linaanza kupanda.

Nofezile akaweka beseni, akapanga bandeji. Akapandisha kilemba juu ya nyusi, na mimi niliyemjua miaka yote ile nikaona kwamba ana kovu dogo kwenye paji la uso, sikuwa nikijua. Akasema, "Samahani, Baba, leo natazama." Akafunua blanketi.

Mchenge alikuwa hajasema sentensi nzima tangu mahindi yavunwe. Macho yake yalikuwa yakikupita tu, hata ukiinama mbele yake. Alimwita binti yake mwizi. Alimwuliza Zanemvula, mdogo wake, yeye ni wa ukoo gani. Lakini blanketi lilipotoka, macho yale yakaenda kwa Nofezile yakatulia kwake. Nikaona uso wa mzee unarudi. Sijui niseme vipi. Ulirudi, ule uso wa Mchenge wa zamani wa kusalimia watu getini. Mikono yake miwili ikateremka haraka, ikajifunika.

"Makoti," akasema.

Nofezile akainua uso.

"Makoti wa Mzimasi. Geuka, mwanangu. Niko uchi."

Mwanamke yule alikuwa ameomba neno hilo, siku nzima na kila siku, angalau mara moja mtu wa nyumba ile amtambue. Na uso wake ukageuka ukutani wenyewe, kabla hajafikiri, nilimwona. Akakaa hivyo, mabega yanapanda na kushuka. Mzee akavuta pumzi, akatulia. Wangeweza kubaki hivyo wote wawili, kila mmoja na adabu yake, na kidonda kikaendelea na kazi yake.

Kisha Nofezile akageuka tena. "Nisamehe, Baba," akasema. Akamshika mikono, akaiondoa. Hakuwa na nguvu ya kushindana naye, yule mzee. Akamlaza ubavu, akafungua bandeji, akatazama. Akasafisha taratibu, akitazama kila kitu, machozi yakimdondokea mikononi. Na mzee muda wote analia kwa sauti ya mtu mzima, "Geuka. Geuka, makoti. Mnanifanyia nini? Geuka." Nami mlangoni nikazidi kumshika MaRadebe mkono.

MaRadebe akaacha kutafuna. "Yule mwanaume analilia nini?" akaniuliza. Nikamwambia anaumwa. "Basi mwambieni yule mwanamke amwache," akasema.

Nilidhani ni siku ile tu. Haikuwa. Kesho yake ilikuwa vilevile, na kesho yake tena. Asubuhi, blanketi likitoka, mzee anarudi, anamjua, anamsihi. Blanketi likifunikwa anaondoka tena, na ukimwita haitiki. Nofezile akamwuliza muuguzi kama kuna dawa ya kumlaza usingizi kwanza. Muuguzi akasema kwa kifua chake kibovu hataamka. Akajaribu kumfunika uso mzee, mzee akapiga kelele zaidi. Akajaribu kurudi kwenye kupapasa, siku moja tu, na kidonda kikafanya usaha palepale, akaacha. Akawa anafanya kwa kutazama, haraka, meno kayauma. Nikimwambia pumzika, ananitazama. Apumzike amwachie nani?

Kidonda kikafunga. Muuguzi alikisifu, akasema wengi wenye kidonda kama kile hawafiki mvua. Desemba Mzimasi akaja na mizigo yake, akamkuta baba yake hai, safi, amenenepa kidogo mashavu. Mzee hakumjua. Akamwambia, "Kijana, karibu," kisha akageukia ukuta. Mzimasi alilia, akampigia mkewe magoti mbele ya watu, kitu ambacho wanaume wa huku hawafanyi. Akamwambia, "Ulisema nitamkuta, nimemkuta."

Nofezile akamwinua. Akaingia ndani na bakuli la uji wa mzee, bila beseni, bila kitambaa, uji tu. Mchenge akamwona mlangoni. Akamjua. Akaanza kuvuta blanketi kwa mikono miwili mpaka kidevuni, akilia.

Nofezile akatoka akaniletea mimi lile bakuli nimlishe. Tulikuwa wawili tu nyuma ya nyumba, Mzimasi ndani anambembeleza baba yake. Nofezile akakishusha kilemba chake mpaka kwenye nyusi.

"MaBhele," akaniambia, "katika dunia nzima kanikumbuka mimi peke yangu. Heri angenisahau."